Chumba cha Chini, Kisicho na Dirisha

Wakala kanipigia, kamung'unya maneno:
chumba cha bei nafuu kiko chini, ubavuni mwa injini,
vitanda vitatu, dirisha hakuna.
Nikamwambia, bwana, miaka thelathini na moja
nimekaa ofisi ya bandari hapa Tanga nikiandika majina ya meli,
zilikotoka, ziendako, tani ngapi za mkonge,
na dirisha nililopewa lilitazama ukuta.
Andika. Tunakuja watatu.

Watatu ndio sisi: mimi, Mwanahawa muuza mbegu,
na Shemsa, ambaye hutapika hata kwenye bembea.
Tunakutana Alhamisi, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
juu ya meza ya cherehani. Ramani tumeikandamiza
kwa mkasi na kikombe cha kahawa,
maana inapenda kujikunja, kama haitaki kuonwa.
Visiwa vyenyewe ni nukta nne. Ya tano
Shemsa aliikwangua kwa ukucha, akidhani mavi ya inzi.

Kibubu kina miezi kumi na tisa.
Nimepiga hesabu, nikaipiga tena kwa kalamu nyingine:
tutashuka pwani mara sita, saa moja moja,
na kila saa ni bei ya mabati ishirini.
Mwanahawa akanyamaza. Nyumba yake inavuja.
Kisha akauliza, "Na wale ndege wasioogopa watu,
ni kweli watatusogelea?"
Nikasema ndivyo ilivyoandikwa.
"Basi mabati yasubiri. Mvua nimeizoea."

Masharti yamekuja, kurasa nane.
Msilete tunda. Msilete sisimizi ndani ya mzigo.
Msiokote kombe, hata lililovunjika.
Sugueni nyayo za viatu, kagueni mifuko na mapindo ya nguo,
isije mbegu ya kwenu ikaota kule.
Mwanahawa alicheka hadi akashika ubavu:
"Mtaa mzima nimeulisha mchicha,
leo mchicha wangu unaogopwa kama mwizi!"
Usiku akanipigia, sauti imeshuka:
"Kumbe ipo ardhi bado inayolindwa hivyo."

Mwanangu Mbelwa hanielewi.
Mama, kasa si unaweza kumtazama hapa kwenye simu?
Simjibu. Yeye hakulikuta gamba.
Baba alilileta kutoka Kigombe, nyuma ya baiskeli.
Nyama tuliila siku mbili, sisi na majirani,
gamba likawa la mkaa, miaka na miaka,
limelala chali kando ya jiko.
Kila alfajiri nilitia mkono ndani ya kasa
nikatoa weusi.
Sijawahi kumwona hata mmoja akienda zake.

Hilo tu. Sitaki kumshika, sitaki picha.
Nataka nisimame mbali, hatua kumi na tano walizosema,
nitazame mgongo ukipanda na kushuka mchangani
mpaka maji yamchukue.

Orodha hadi leo: tangawizi ya unga, ya Shemsa.
Ndimu hapana, ni tunda; tumebishana, tumeitoa.
Kofia tatu. Darubini moja, ya kuazima kwa Mwalimu Singano,
kioo kimoja kina ufa, tutapokezana jicho zima.
Meli ni mwakani, mwezi wa tatu.
Bado laki nane na ushee.

Leo nimerudi kutoka Pongwe kwa wifi, nimepita njia ya nyasi.
Nimeketi kizingitini, soksi mapajani,
nachomoa kishona nguo, mbegu moja moja,
naziweka kwenye kisahani. Arobaini na mbili.
Najua, ni mapema mno.
Jirani ameuliza nafanya nini.
Nimemwambia, nafungasha.