Kalamu Yenye Kamba

Ndugu zangu wawili walifungwa mwaka mmoja:
Ipyana kwa gunia la parachichi ambazo hazijakomaa,
Gwakisa kwa ngumi moja kilabuni,
ngumi moja tu, na jiwe
lililokuwepo pale mtu alipoangukia.

Ipyana alisomewa Mahakama ya Mwanzo,
chai ya hakimu haijapoa.
Miezi sita. Kisha hakimu akamtazama miguuni,
kandambili mbili zisizofanana,
akasema: atumikie nje, afagie zahanati.
Akafagia. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala barabarani,
alipita mbele ya milango ya wale aliowaibia
na ufagio begani, nao wakimwita, "Bwana Afya!"
Aibu ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na tarehe.
Siku ya mwisho muuguzi alimpa mkono na kipande cha sabuni,
akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Gwakisa alipandishwa karandinga hadi Mbeya.
Mahakama Kuu: majoho, Kiingereza,
mkalimani mwenye mafua.
Miaka kumi na miwili.
Nilijifunza gereza la Ruanda kama mtu ajifunzavyo dini:
Jumapili ipi, sukari kiasi gani,
askari yupi husalimiwa kwanza.
Mama alihesabu kwa mivuno ya kahawa.
Wa nne hakuuona.

Halafu ikaja parole.
Nilidhani ni jina la ofisa.
"Ametoka!" nikawatangazia majirani, nikachinja jogoo.
Ofisa akanisahihisha taratibu, kijiko cha supu mkononi:
Hajatoka, dada. Kifungo kimehamia kwako.
Miaka iliyobaki ataimalizia chini ya bati hili.

Asinywe. Asilale kwingine.
Asivuke wilaya bila karatasi.
Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi ashuke Tukuyu
kusaini daftari, kwa kalamu iliyofungwa kamba mguuni pa meza.
"Hata kalamu," Gwakisa aliniambia, "nayo iko parole."
Tulicheka hadi kuku wakaruka uani.

Bupe wangu akauliza: mjomba amefungwa au amefunguliwa?
Nikamtuma maji.

Nimefuga mbuzi, ningeweza kumjibu.
Kuna zizi na kuna kamba.
Wa zizini anajua ukuta.
Wa kambani anakula majani mabichi, anapigwa na upepo,
watu wakipita wanasema, tazama, yuko malishoni;
mwisho wa dunia yake anaujua kwa shingo.

Mwezi wa nne, mvua ile isiyopumua,
mama mdogo Tupokigwe alitutoka, huko Ipinda.
Kyela. Wilaya nyingine.
Tulikwenda kuomba karatasi. Mlango una kufuli:
ofisa yuko semina Dodoma hadi Ijumaa.
Maiti haisubiri semina.

Gwakisa akapanda nasi kwenye pikapu hata hivyo,
akashika jembe lake katikati ya magoti,
hakusema neno migomba yote ile.
Kwenye kibao cha mpaka akagonga paa la gari kwa kiganja.
Akashuka.
Jembe akalirusha kwa Ipyana,
ambaye siku hizi huvuka mipaka bila kuiona,
hulala akiwa safarini, mdomo wazi.
Nilimwona kaka yangu akipungua nyuma ya mvua,
amesimama hatua moja upande wetu wa kibao.
Moja. Nilizihesabu.

Tuliporudi jioni ya kesho yake
nilimkuta jikoni anamenya ndizi.
Hakuuliza nani alilia, wala nani hakuja.
Alilipokea jembe, akakwangua udongo kwa kidole gumba,
akaunusa.
"Mchanga," akasema. "Basi kaburi lilichimbika."
Kisha, bila kuniangalia:
"Na upande wangu, nani alisimama?"