Hodi ya Saa Nane, Nkuhungu

Kontena nimelikondesha hadi megabaiti tano,
nikajisifu. Sasa nalituma likachukue faili
linarudi mikono mitupu:
cheti hiki, linasema, sijui kakisaini nani.

Kosa langu. Katika kupunguza
nilitupa na orodha ya wa kuaminiwa.

Ipo njia ya mkato, neno moja: usikague.
Kidole kinaning'inia.

Nje upepo wa Julai unatingisha bati.
Mama Nyemo, mwenye nyumba,
anaitikia hodi bila kugusa komeo:
"Nani? Jina kwanza."
Kimya.
"Ni mie, Chilewa. Natoka zamu, Mirembe."
Komeo linalia.

Nafuta lile neno. Narudisha vyeti,
kilobaiti mia mbili, uzito wa chumvi mchuzini.
Limenenepa kidogo.
Sasa linajua watu.