Moja ya Mia Mbili

Ukumbi wa Makadara, usiku wa kupamba.
Mlangoni Bi Shee akusanya simu ndani ya pakacha,
kila mwenye simu amchora namba kiganjani kwa wino.
Humu hapigi picha mtu ila mimi,
Mishi wa studio ya ngazi nane juu ya duka la uzi,
na kamera niliyoilipia kwa chama
miezi kumi na minne, bila kuruka hata mmoja.

Raudha yu jukwaani, hina mpaka viwikoni,
vikuba vyanukia hata kwangu huku chini.
Kuliani mama. Kando ya mama, mkono umepita nyuma
ukamkamata bi harusi kiunoni,
shangazi Zeyana, na bangili zake tano.

Chakacha ikakolea. Viuno vikawa havishikiki.
Nikaogopa picha itatikisika,
nikasema moyoni: zidisha kasi, mkomeshe kila mtu alipo.
Kamera nimeisimamisha wima.
Nikazungusha gurudumu: mia mbili,
mia mbili na hamsini,
mia tano.

Flashi ikapasuka. Kwa macho yangu niliwaona wote.

Kwenye kioo: Raudha mzima, mama mzima,
kisha, begani kwa mama, picha imekatwa.
Weusi ti, umenyooka kama ukingo wa mlango.
Zeyana hayumo.
Umebaki mkono, na bangili, watoka gizani.

Nikapiga tena, na tena. Nikalaumu betri.
Nikalaumu waya. Nikalaumu, Mungu anisamehe, jicho la mtu.

Asubuhi, kwa Mbwana fundi, mdogo wangu kwa miaka sita.
Hakuinua uso kwenye bakuli la mbaazi.
"Mia ngapi?"
"Mia tano."
Akacheka mpaka akapaliwa.
Akararua gazeti lililofungiwa mahamri, vipande viwili,
akalifunika bakuli kwa kimoja.
"Ndani mna mapazia mawili, si moja.
La kwanza lakimbia, lafunua. La pili lafuata, lafunika.
Ukienda polepole, tazama,
kuna dakika bakuli li wazi lote.
Ukiharakisha, la pili laondoka la kwanza halijafika,
kinachopita juu ya mbaazi ni ufa tu."

Akaupitisha ule ufa. Mbaazi chache, nazi kidogo, mbaazi chache.

"Jua halina neno. Litaufuata ufa
lipake bakuli lote, kipande kwa kipande.
Lakini flashi ni pigo moja la upatu.
Yaja, yaangaza kilicho wazi, imekwenda zake.
Kamera yako mwisho wake mia mbili.
Zaidi ya hapo mlango haufunguki wote."

"Na mchezaji? Nitamsimamisha vipi?"

"Atasimamishwa na flashi. Fupi kuliko kope ile.
Ukumbini giza, wewe kazi yako nini?
Fungua, ungoje."

Niliteremka Digo nikihesabu mambo
niliyoyafunga kabla hayajafunguka.
Nikaachia hesabu mbele ya muuza madafu, ilikuwa ndefu.

Jumatano Raudha akaja na mumewe na chupa ya kahawa.
Nikampa picha mia mbili na kumi, safi.
Zile tatu nilizificha chini ya daftari la wadeni,
na bi harusi, hujui vipi, akalisukuma daftari.

Akanyamaza.
Miaka mitatu Zeyana aliizuia harusi hii:
kijana hana kwao, kijana hana kitu,
nani ajuaye babu yake alishukia bandari gani.
Raudha akaweka kidole penye ukingo wa weusi,
akakishusha taratibu mpaka kwenye zile bangili.
"Hata hapa hakuniachia," akasema,
na sikujua kama alicheka.
Kisha: "Nichapishie hii. Kubwa, ya ukutani."

Nimechapa. Sikumlipisha.
Nyuma, kwa penseli, pembeni pasipoonekana,
nimeandika: 1/500.