Kosa la Nanotesla Kumi na Moja

Saa kumi na mbili unusu, ukingoni mwa Menengai,
Daktari Wekhomba anatukagua kama askari jela:
mkanda, weka hapa. Funguo. Simu, saa, sarafu.
Sironka anavua buti zenye ncha ya chuma, anavaa akala.
"Tairi lina nyaya ndani," anaambiwa. "Vua pia."
Anashuka kreta na raba za shule za dadake.

Kihisi hakitaki masihara.
Kimekaa juu ya ufito wa plastiki,
kinanusa uga wa sumaku wa dunia nzima
na kipini kimoja cha nywele, kwa pupa ileile.
Kila asubuhi tunakizungusha kwanza,
juu, chini, ubavu, kichwangomba,
tunakusanya namba mpaka ziumbe yai,
kisha hesabu inalikanda yai liwe tufe.
Hapo ndipo tunakiamini. Nusu.

Tunachotafuta ni hiki:
jiwe la volkano lilipokuwa likipoa, zamani,
lilikariri kaskazini, likaikariri kabisa.
Lakini likichemshwa upya kutoka chini,
digrii mia tano na kitu, linasahau.
Basi tunashuka kati ya leleshwa na mawe meusi ya kioo
kutafuta palipo na usahaulifu,
kwa kuwa pale chini pana moto,
na moto ule ukipandishwa kwa bomba ni mvuke,
ni pangaboi linazunguka, ni taa Bahati,
ni jiko lisilomkohoza mtu.

Mama alikausha samaki Luanda K'Otieno miaka ishirini na sita.
Kuni zikiisha, mti. Mti ukiisha, mzizi.
Macho yake yalijifunza machozi kabla ya huzuni yoyote.
Haya sikuyasema kwenye barua ya kuomba kazi.
Niliandika "nishati endelevu". Ilitosha.

Wiki ya pili, mstari wa saba, kosa likazuka.
Nikishika ufito mimi, namba zinapanda kumi na moja.
Akishika Sironka, zinatulia.
Kumi na moja katika elfu thelathini na tatu!
Punje hizo ukizitoa kwenye debe, nani atajua?
"Si kitu," nikasema.
"Akeyo," akasema Daktari, macho hayatoki daftarini,
"kosa dogo lisilohama ni baya kuliko kubwa linalorukaruka.
Kubwa utaliona. Dogo utaliita ukweli,
na watu watatoboa ardhi mahali pasipo."
Nikavua hereni. Nikavua koti.
Nikajikwangua hata rangi ya kucha.
Kumi na moja.

Ilikuwa pini.
Kwenye mshipi wa sidiria, upande wa kushoto,
pini ya Mama, ile aliyofungia noti za samaki ndani ya leso,
yenye kutu, nyembamba kama mwiba wa omena.
Nilikuwa nimesahau kuwa naivaa.
Pini haikusahau.

Daktari hakuuliza. Alinipa mkebe wa njugu, mtupu,
nikauacha chini ya leleshwa, hatua arobaini nyuma,
tukarudia vituo vyote, Sironka akinilaani kwa Kimaasai
huku akidhani sielewi.
Alasiri, kituo cha thelathini na moja,
namba zikaanza kupinda, taratibu, bila kelele,
zikabaki zimepinda mita mia mbili.
Hakuna aliyeshangilia.
Daktari alisema tu, "Rudieni tena kesho."

Usiku huu Kaptembwa stima imepotea tangu saa moja.
Naandika ripoti kwa mshumaa, nimejibanza dirishani,
pini imerudi mahali pake.
Kwenye safu ya makosa, mstari wa saba,
panapoulizwa chanzo,
nimejaza: mwendeshaji.