Themanini na Tano C

Miaka ishirini na sita nimeendesha tramu hapa Łódź
nikiwa themanini na tano C.
Mama naye alikuwa hivyo hivyo. Duka la serikali
lilikuwa na saizi tatu na foleni;
ulichopewa ndicho chako, ukajikunja ukaingia.

Mabegani nina mifereji miwili,
reli zisizopita tramu.

Krismasi, Jolanta aliyeolewa Leeds
akaniletea sidiria: thelathini na mbili FF.
Shangazi wa Lyon naye: themanini na tano H.
Nikazilaza kitandani ubavu kwa ubavu.
Nikadhani mmoja wao amenitukana.

Bi Zdzisława ana kiduka nyuma ya famasi.
"Vua koti. Toa pumzi."
Futikamba ikapita chini ya matiti, ikabana hadi nikakohoa:
sabini na moja.
"Sasa inama, kama unafunga kiatu."
Tisini na nane.

"Waingereza hurudia herufi kama wenye kigugumizi:
D, DD, F, FF.
Wafaransa huongeza kumi na tano kwenye mkanda,
sababu kawaulize wao.
Hapa kwetu wewe ni sabini H.
Zote tatu ni wewe yule yule."

H? Hiyo ni ya wanawake wa kwenye mabango.

"Herufi peke yake haisemi kitu, mama. Soma namba kwanza.
Hiyo yako ya zamani inapanda mgongoni kama paka ukutani.
Mkanda ndio mbebaji.
Kamba ni za adabu tu."

Akanifunga kulabu ya nje kabisa
("ikilegea kwa kufuliwa, utasogea ndani"),
akaniamuru nikusanye kila kilichokimbilia kwapani
nikirudishe nyumbani.
Waya ukalala katikati, juu ya mfupa.
Nikainua mikono. Hakuna kilichotoroka.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
lakini kata yangu, maisha yote,
ilikuwa ya mtungi mwingine.

Nililia kidogo, kwa hasira,
kwa ajili ya mama aliyetembea ameinama
nasi tukasema ni huzuni.

Ile ya zamani nimeikata vipande.
Agosti hii, bustanini, imefunga nyanya kwenye mambo,
na inazishika
kuliko ilivyowahi kunishika mimi.