Wiki ya Zabibu

Jumatatu tulichuma. Jumanne tukachuma.
Jumatano, kabla ya jogoo, Nutsa alikuwa kaa la moto
kifuani pangu, midomo mikavu, macho nusu wazi.

Nje trekta la Vakho linanguruma.
Wachumaji kumi na wanne wanadai chai,
Ijumaa imetabiriwa mvua,
na zabibu, kama homa, hazina subira.

"Nenda," namwambia. Haendi. Anaenda.
Anarudi kuunusa utosi wa mwanawe,
mikono yake ikinata utamu.

Nahesabu matone ya dawa, pumzi kwa dakika,
vijiko vya maji anavyonitemea kwenye blauzi.
Daktari wa Telavi, simuni:
akilegea, mlete; akilia, shukuru.
Basi nikaomba kilio.

Mama mkwe, aliyenisema mwaka mzima
kwa supu yangu, kwa ufagio wangu,
akaja bila neno, akanivua viatu,
akampokea mtoto. Sikumbuki kulala.

Ijumaa mvua ikanyesha kweli.
Safu tatu zilibaki, zikaoza.
Nutsa akaketi kitandani, kalowa jasho,
akaivurumisha biskuti yangu ukutani,
akadai zabibu.