Alhamisi Mbili

Ratiba nimeibandika kwa gundi ya unga
mlangoni pa duka la mikate la Obdulia,
juu ya tangazo la paka aliyepotea.
Tayari ina makosa mawili:
jina la mpiga zumari limekosa herufi,
na Ijumaa haipo, Alhamisi ipo mara mbili.
Nimeyaacha yalivyo.
Bonde letu hili la Asturia
halijapata kuwa na Alhamisi za kutosha.

Mimi ndiye mshika funguo.
Ukumbi wa chama, gereji ya zimamoto,
bafu la zamani la wachimba makaa,
kanisa dogo lisilo na padri:
funguo kumi na moja, pete moja kiunoni,
nikitembea nalia kama mbuzi wa kengele.
"Remedios huyo!" husema watoto, na kuzima sigara.

Jumatatu hakuja mtu.
Hapana, walikuja watatu,
wawili wao wakikimbia mvua.
Msichana wa kutoka Oviedo akasoma hadithi yake mpaka nukta,
akivitazama viti kana kwamba vimejaa.
Nilimpigia makofi hadi viganja vikawaka.

Jumanne, kwaya.
Wazee kumi na wanne, mapafu yameshiba vumbi;
huyu akivuta pumzi, yule anamshikia sauti,
kama walivyoshikiana magogo ya kuegemeza dari kule chini.
Besi hakuna. Celestino tulimzika Machi.
Ilinca, mwalimu wao, Mromania mwenye subira,
akashauri wimbo upangwe upya, pengo lizibwe.
Wakakataa.
Wanaimba wakilizunguka,
kama shimo la barabarani
unalolikwepa hata gizani, kwa kulizoea.

Jumatano nimeisahau. Kulikuwa na supu.

Alhamisi, ile ya kwanza,
tulifungua maonyesho bafuni.
Vigae vyeupe; darini minyororo
iliyokuwa ikipandisha nguo safi
wenyewe wakishuka.
Kijana Nel alikuwa ametundika visahani vya shaba
mia nne na vitano, kila kimoja na nambari yake.
Ukishuka, unachukua chako.
Ukipanda, unakirudisha.
Msumari mtupu jioni, mtu bado yuko chini.

Mmoja ulikuwa mtupu. 212.
Watu wakadhani ndiyo sanaa yenyewe.
Walisimama mbele yake na glasi za divai ya tufaha,
wakainamisha vichwa,
bwana mmoja akatamka neno refu sana.

Ndipo akaingia Etelvina na kikapu cha sokoni.
Basi la saa kumi halikuja, alisema,
kama anayeomba radhi kwa wote mia nne.
Akafungua leso. Kisahani,
nambari imefutika nusu
kwa kidole gumba cha miaka hamsini na mitatu.
Walimkuta nacho mfukoni, alisema, wakaniletea mimi
badala ya kukirudisha dirishani.

Msumari ulikuwa juu. Kubebwa hataki.
Ngazi iko stoo, nami nikajaribu funguo zote,
kumi na moja, mikono ikitetemeka;
stoo ilikuwa na wa kumi na mbili.
Basi tukapanga kreti za chupa,
Nel akashika kreti, mimi nikashika Nel,
na Etelvina akapanda kwa viatu vyake vya Jumapili.
Chumba cha pili zumari lilikuwa likifanyia mazoezi
dansi ya Jumamosi, likikosea palepale, likirudia.
Hakuna aliyekwenda kulinyamazisha.

Shaba iligonga msumari. Sauti ndogo,
kama sarafu juu ya kaunta.
Akateremka, akauliza kama supu imebaki.

Kesho yake, Ijumaa, hakukupangwa lolote.
Lakini karatasi ilisema Alhamisi,
na saa kumi na moja nikawakuta mlangoni:
Obdulia na unga wake mikononi,
kwaya nzima, wamevaa tai,
bwana wa neno refu, kimya,
na nyuma yao Etelvina, mikono mitupu.

Nilikuwa nimeshafunga.
Nikafungua.